Habari Huja Baada ya Chai

Mwanamke aliyepiga simu alikuwa na sauti ya mtu aliyefunzwa kutokuwa na haraka. Alisema anaitwa Nakiru, mshauri wa wafanyakazi wa chuo kikuu, na kwamba ametumwa kuzungumza na kila mfanyakazi aliyekuwa kwenye ile safari ya Kipsing. Halkano Huqa, dereva wa basi la chuo, aliinuka kutoka kwenye kiti cha plastiki, akasimama wima mlangoni mwa chumba chake kama mtu anayeongea na mkubwa wake.

Nakiru alimuuliza hali. Akasema salama. Familia? Salama. Kazi? Salama. Je, usingizi anapata? Tunalala salama. Chakula kinapita? Tunakula, tunamshukuru Mungu. Kuna jambo lolote linalomsumbua moyoni tangu siku ile? Hakuna, ni amani tu.

Talaso, mkewe, alikuwa hapo uani akichuja maziwa ya ngamia, na alisikia kila jibu. Mtu huyu aliyesema analala salama alikuwa akikesha ameegemea ukuta, viatu miguuni, kama abiria anayengoja gari. Na chakula alichosema kinapita kilikuwa kikirudi jikoni na kuliwa na kuku wa jirani.

Hata hivyo Halkano hakuwa mwongo. Kwa Waborana, anayekusalimu hukuuliza amani ya watu, ya mifugo, ya malisho na ya mvua, na jibu la yote ni moja: nagaa, amani. Hata kama umetoka makaburini asubuhi hiyo, utajibu amani. Salamu si mahali pa kumwagia msiba. Mgeni huketishwa, huletewa chai, hunywa, na vikombe vikishawekwa chini ndipo mwenye umri husema, haya, tupe oduu, yaani habari. Hapo mtu hufungua kifua chake, na hakuna anayemkatiza. Nakiru aliuliza maswali yake yote ndani ya salamu, kisha akashukuru na kukata simu. Kwenye kompyuta yake aliandika kwamba dereva yuko sawa.

"Nani huyo?" Talaso akauliza.

"Watu wa chuo. Wanasalimia."

Talaso akarudi kwenye maziwa yake. Kwa desturi, mke hamuulizi mume wake oduu. Hungoja rika la mumewe au mkubwa wake aje aiulize. Mkubwa alikuwepo. Hirbo, kaka yake Halkano, alikuwa dalali katika soko la mifugo, na kila Ijumaa alipita hapo mtaani kwao, Bulla Pesa, baada ya swala. Lakini Hirbo alikuwa mtu wa simu mbili, na zote zililia kwa pamoja. Alisalimia akiwa amesimama, akajibiwa amani, akaondoka kabla sufuria haijachemka.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mwanzoni mwa mvua za masika, wanafunzi wa idara ya mifugo walikwenda Kipsing kutazama malisho. Walipokuwa wakirudi, basi lilizima katikati ya laga, mto wa mchanga ambao hupitisha maji siku chache tu kwa mwaka. Pale hapakuwa na mvua hata tone, ila ilikuwa imenyesha mlimani. Maji yakaja. Wanafunzi wote walitolewa isipokuwa mmoja, kijana mrefu wa Kiturkana aliyeitwa Ekitela, ambaye alikuwa amesimama majini akiwapitisha wenzake. Maiti yake ilipatikana siku iliyofuata, mbali, chini kabisa ya laga.

Chuo kilifanya mambo kwa utaratibu. Wanafunzi waliletewa washauri, wakawasha mishumaa ya maombolezo ukumbini, mitihani ikasogezwa mbele. Ikaundwa kamati. Halkano aliulizwa kuhusu breki, magurudumu, mwendo na leseni, na kamati ikasema hana hatia. Siku hiyohiyo aliyosafishwa, akaambiwa alisafishe basi. Alitoa matope kwa koleo, kisha kwa ufagio, kisha kwa kitambaa. Chini ya kiti cha nyuma alikuta kandambili moja ya mguu mkubwa. Akaambiwa aipeleke kwa mlinzi wa getini, penye sanduku la vitu vilivyookotwa, na akaipeleka.

Tangu siku hiyo hakuwahi kutoka na basi nje ya mji. Kila alipopangiwa safari alimwendea Abdirahim, dereva mwenzake, akamwambia mgongo unauma. Abdirahim alizichukua safari pamoja na posho zake, mwanzoni kwa shukrani, halafu kwa mashaka. Nyumbani, Talaso aliona posho haziingii.

"Basi la chuo limeacha kutoka?" alimuuliza siku moja.

"Limeacha."

"Nimeliona jana likienda Garbatulla."

"Basi halijaacha," Halkano akasema, akatoka nje.

*

Mbaabu, msimamizi wa magari ya chuo, alikuwa Mmeru mnene mwenye sauti nyembamba, na ofisi yake ilikuwa kontena lililotobolewa dirisha. Alimwita Halkano Jumatatu. Hakumwambia aketi, ingawa kiti kilikuwepo.

"Mzee Halkano, umepona sasa. Ripoti ya mshauri imekuja, ni safi."

"Sikuwa mgonjwa."

"Ndiyo maana nasema umepona. Alhamisi unapeleka mwaka wa pili Kipsing."

Halkano alisema Abdirahim anaijua zaidi njia hiyo. Mbaabu akajibu kwamba Abdirahim amekula safari za watu wawili hadi uhasibu wameanza kuuliza, na kwamba chuo hakiwezi kumlipa dereva wa kufuta vioo. Alisema haya yote akitazama dirishani, palipokuwa na ukuta tu. Halkano alidhani ni dharau.

"Unaogopa nini? Laga imekauka. Hata mbuzi anavuka na mguu mkavu."

"Siogopi."

"Basi tumemaliza."

Halkano alitoka akiwa amebeba hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa laga. Ya pili ilikuwa kubwa kuliko laga: kwamba akisema hawezi, ataandikwa mtu wa kichwa kibovu. Alijua yanayomfuata mtu wa namna hiyo. Leseni huchukuliwa, jina hubadilishwa mtaani, watoto huambiwa wasipite karibu naye, na mke huanza kuhurumiwa kisimani. Alikuwa dereva tangu ujana wake. Ukimwondolea usukani, hakujua angebaki nani.

*

Alhamisi asubuhi wanafunzi walipanda wakiimba. Walipakia mitungi ya maji, magodoro na sufuria kubwa. Mhadhiri aliketi mbele, akafunga mkanda, akaanza kusoma simu yake. Halkano aliingiza ufunguo. Alikusudia kuuzungusha. Alikusudia tena. Mkono wake wa kulia ulikaa juu ya ufunguo kama mkono wa mtu mwingine.

Wimbo ukaisha, na hakuna aliyeanzisha mwingine.

"Dere, washa tusonge, tunachomeka huku," kijana mmoja akasema kutoka nyuma, na wenzake wakacheka.

"Huyu si ndiye yule wa laga?" msichana akauliza. Alidhani amenong'ona.

Kicheko kikakatika. Kwenye kioo cha juu Halkano aliona simu moja ikiinuliwa, kisha ya pili. Mhadhiri aliacha kusoma, akamwambia kwa upole kwamba wanachelewa. Jasho lilikuwa likimtiririka dereva hadi kwenye kola ya shati la kazi, na meno yake yaligongana katika joto la Isiolo. Akauchomoa ufunguo, akauweka juu ya dashibodi pamoja na simu yake, akashuka. Alipita getini akitembea kwa heshima, polepole. Mlinzi alimsalimu, naye akajibu salama.

*

Abdirahim alimkuta Talaso kwenye soko la maziwa, nyuma ya mitungi yake ya njano. Alimpa salaam, akauliza watu, akauliza watoto, naye akajibiwa amani kwa yote. Talaso akasogeza kigoda na kuinua chupa ya chai.

"Mama Guyo, leo sina wakati wa chai," Abdirahim akasema.

Hapo Talaso akajua ni msiba. Aliweka chupa chini na kusikiliza akiwa amesimama. Abdirahim alimweleza yaliyotokea ndani ya basi, akampa simu ya mumewe, na akasema kwamba amemtafuta msikitini, amemtafuta stendi, hayupo. Hakusema kitu kuhusu mto, na Talaso naye hakusema, lakini wote wawili waligeuka kutazama upande wa kaskazini, barabara inakoelekea mto Ewaso.

Talaso alimwachia maziwa jirani yake Deeqa. Alimpigia Hirbo, akamwambia azime simu moja na atumie hiyo nyingine kumtafuta ndugu yake. Kisha akatafuta kwenye simu ya Halkano namba ya yule mwanamke wa chuo.

"Mama, mimi niliongea naye wiki iliyopita," Nakiru alisema baada ya kusikiliza. "Aliniambia yuko salama kabisa."

"Ulimsalimu."

"Nilimuuliza kama analala. Nilimuuliza kama kuna kitu kinamsumbua."

"Ulimsalimu, dada. Hata mimi tangu masika namsalimu tu. Ndugu yake anamsalimu. Chuo kizima kinamsalimu. Hakuna mtu amemuuliza habari."

Nakiru alikuwa amezaliwa hapohapo Isiolo, katika nyumba ya Waturkana iliyopakana na ya Waborana, na utotoni mwake alikuwa amekunywa chai hiyo mara nyingi na kuona wazee wakingoja vikombe viwekwe chini. Alilijua jambo hili kama alivyojua jina lake. Lakini alilijua nyumbani. Kazini alikuwa na orodha ya maswali yaliyotungwa na watu wa mbali, na alikuwa ameyasoma kwa mpangilio wake.

"Nisikilize," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa na haraka. Aliuliza kama Halkano alikuwa amegawa vitu vyake, kama alikuwa ameaga mtu, kama alitoka na chochote. Talaso akajibu hapana kwa yote. Nakiru akamwambia watafute wawiliwawili, waanze upande wa mtoni, na atakayemwona kwanza asimgombeze na asimwache peke yake hata kwa kwenda kununua maji. Akasema yeye mwenyewe anatoka ofisini sasa hivi. Talaso akampigia tena Hirbo, akampa maagizo hayohayo.

Abdirahim na kijana mmoja wa bodaboda walikwenda upande wa mto. Talaso na mwanamke mwenzake wa sokoni wakapita hospitali, wakapita gereji, wakapita nyuma ya uwanja wa ndege. Kila aliyewaona alisalimia, nao walijibu amani bila kusimama.

*

Hirbo ndiye aliyemwona, na alimwona mahali ambapo hakuwa amefikiria kumtafuta, yaani kazini kwake mwenyewe. Katikati ya soko la mifugo, kati ya vumbi na kelele za madalali, Halkano alikuwa amesimama akiwa amevaa shati la kazi lenye nembo ya chuo, ameshika kamba. Mwisho wa kamba kulikuwa na beberu mweupe mwenye ndevu ndefu. Mnunuzi mmoja alikuwa akimbonyeza beberu mgongoni na kuuliza bei, na Halkano alikuwa akimjibu kwa adabu kwamba hajui.

Hirbo alishika ukingo wa zizi, akakumbuka kwamba hatakiwi kugomba.

"Nimekutafuta mji mzima," akasema, "na wewe uko hapa unauza mbuzi?"

"Si wangu. Ni wa mzee mmoja wa Garbatulla. Aliniambia nimshikie, anaenda kuswali."

"Kuswali gani?"

"Adhuhuri."

Hirbo akatazama jua, lililokuwa limeshaanza kuteremka. "Huyo sasa anaswali na za kesho. Mfunge hapo kwa mti twende nyumbani."

"Siwezi."

"Mbona huwezi?"

"Nikimwachilia atapotea."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na Hirbo, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kukata maneno ya wengine, alijongea akasimama karibu na ndugu yake, bega kwa bega, akampigia Talaso simu akamwambia neno moja tu, tunaye. Talaso akaketi chini palepale barabarani. Kisha Hirbo akazima hata simu ile ya pili, na wanaume wawili wakamshikilia beberu.

Mzee wa Garbatulla alirudi akichokoa meno. Aliuliza mbona mbuzi hajauzwa, na akalalamika kwamba vijana wa mjini hawana bidii. Halkano akamkabidhi kamba mkononi, akahakikisha vidole vya mzee vimefunga juu yake, ndipo akaachia.

*

Nakiru alipofika Bulla Pesa viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Alivivua mlangoni. Hakuwa na kompyuta wala kalamu. Aliketi kwenye mkeka karibu na Talaso, akamsalimu Halkano kwa Kiborana cha utotoni mwake kilichojaa makosa, akamuuliza amani ya watu, ya mifugo, ya mvua. Halkano akajibu nagaa kwa kila moja. Nakiru akaitikia na kunyamaza.

Talaso alipika chai kwa maziwa ya ngamia na tangawizi, yenye majani mengi kama mumewe alivyopenda. Walikunywa bila maneno. Uani watoto wa wapangaji walikuwa wakigombania mpira, na redio ya Deeqa ilikuwa ikisoma bei za nyanya za miji ya mbali. Nakiru alihisi maswali yake yakimjia mdomoni moja baada ya jingine, na kila lilipokuja alilimeza pamoja na chai. Hirbo alikuwa wa mwisho kumaliza. Akaweka kikombe chini.

"Haya, Halkano," akasema. "Tumesalimiana na tumekunywa. Tupe oduu."

Halkano alikisogeza kikombe chake pembeni. Hakuna aliyemsaidia. Kisha akaanza, na alianza mbali, kama inavyotakiwa: rangi ya asubuhi ile, nani aliketi wapi, wimbo gani uliimbwa. Alieleza jinsi injini ilivyozima na jinsi alivyosikia maji kabla ya kuyaona, sauti kama ya lori linalomwaga kokoto. Alieleza jinsi alivyofungua mlango wa nyuma, na jinsi Ekitela aliruka majini bila kuambiwa kwa sababu alikuwa mrefu, akasema, mzee, nishike mimi, mimi nitawapitisha hao. Basi Halkano akashika ngazi ya basi kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akashika kifundo cha mkono wa yule kijana. Wanafunzi walipita mmoja mmoja hadi ukingoni.

"Msichana wa mwisho aliteleza," akasema. "Akapita mbele yangu hivi. Nilikuwa na mkono mmoja tu. Nikaufungua. Nikamshika msichana."

Redio ya jirani iliendelea na nyanya.

"Kamati iliniuliza breki. Iliniuliza magurudumu. Hakuna mtu aliyeniuliza mkono. Ekitela alinitazama. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, kama mtu anayetaka kuniuliza kitu."

Talaso sasa alielewa kwa nini mumewe, mtu wa dini, alikuwa ameanza kula kwa mkono wa kushoto, na kwa nini mkono wa kulia aliulalia kila alipojinyoosha, kama mtu anayeficha kitu chini ya mto wa kulalia. Alikuwa amemgombeza kwa jambo hilo mbele ya watoto. Machozi yalimtoka bila sauti.

Hirbo ndiye aliyesema kwanza. Hakuwa na elimu ya mambo haya, na alichosema alikisema kama anavyohesabu mifugo jioni. "Kwa hivyo yule msichana yuko hai."

"Yuko hai. Alikuwa ndani ya basi leo. Ni yeye aliyeuliza kama mimi ndiye yule wa laga." Halkano akafuta uso. "Hajui ni nani aliyemshika. Alikuwa amefumba macho."

Nakiru hakuharakisha kumwambia kwamba si kosa lake, kwa maana alijua neno hilo likitoka mapema halifiki. Alingoja. Kisha akamuuliza swali moja, waziwazi, bila kulizunguka: katika majuma haya, amewahi kufikiria kujiua? Talaso alishtuka. Halkano hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyebeba gunia ambaye hatimaye ameulizwa kama ni zito.

"Siku moja lilinijia," akasema. "Nikaogopa, nikaenda kuketi na watu. Leo nilipotoka kwa basi lilikuja tena, ndiyo maana nikaenda sokoni, kwenye watu wengi. Yule mzee akanipa mbuzi."

"Ulifanya vizuri kwenda kwenye watu," Nakiru akasema. "Likija tena, wewe usisubiri mzee na mbuzi. Unaniita mimi, au unamwita huyu, au huyu."

Kisha alizungumza kwa urefu, na kwa maneno ya kawaida. Alisema kinachomshika si wazimu, ni jeraha, na lina tiba yake, na wapo madereva, walimu na askari wengi walioipata wakarudi kazini. Alisema atawaandikia wakubwa wa chuo kwamba ripoti yake ya kwanza haikuwa sahihi, na kwamba Halkano apewe likizo yenye mshahara, asihesabiwe mtoro. Leseni haiguswi. Atakuwa naye kila wiki, hapa nyumbani au ofisini, na hospitali ya serikali ina daktari wa mambo haya siku za Jumanne.

Halkano alitaka kuuliza kuhusu leseni mara ya pili, ili asikie tena. Lakini alikuwa amejilaza ubavu kwenye mkeka wakati Nakiru akizungumza, na kabla hajauliza usingizi ulimchukua mbele ya wageni, mchana kweupe, mdomo wazi. Talaso alikwenda kwa Deeqa akamwomba azime redio. Deeqa akaizima, akatoka na fimbo kuwafukuza watoto wa mpira, na ua wa ploti ile ukawa na utulivu ambao wapangaji hawakuwahi kuusikia.

*

Chuo kilijibu taratibu kama vyuo vinavyojibu, lakini kilijibu. Likizo ikatoka. Ukatoka pia waraka kwamba huduma ya ushauri ni ya wafanyakazi wote, wa ofisi, wa jikoni, wa getini na wa magari, na kwamba mazungumzo ya kwanza yafanywe ana kwa ana. Wengine waliusoma na kucheka. Mpishi mmoja aliusoma, akaukunja, akautia mfukoni.

Jumanne ya kwanza, Talaso alimsindikiza mumewe hospitali. Benchi la kliniki ya daktari huyo lilikuwa barazani, likitazama mahali pa kuegesha magari, hivi kwamba Isiolo nzima ingeweza kumwona aliyeketi hapo. Halkano alipoliona alipunguza mwendo, akasema labda wakae kwanza kwenye benchi la kliniki ya macho.

"Kaa huko," Talaso akasema, "wakuite wakupe miwani. Utakuwa na shida yako na miwani juu."

Halkano akacheka, kicheko kifupi, chenye kutu. Wakaendelea. Talaso alikwenda dirishani kuchukua kadi, naye akatafuta nafasi kwenye benchi. Palikuwa na moja tu, kando ya mtu mnene aliyejifunika uso kwa gazeti. Halkano alipoketi gazeti likashuka. Alikuwa Mbaabu.

Wakatazamana. Wanaume wote wawili walitamani ardhi ipasuke.

"Ofisi imekutuma kunitafuta?" Mbaabu akauliza.

"Hapana. Nimeandikiwa kumwona daktari leo."

Mbaabu alilikunja gazeti mara mbili, halafu mara ya tatu, hadi likawa dogo kama sabuni. Hakutazama ukuta. Alimtazama Halkano usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu masika.

"Asubuhi ya safari ile nilipigiwa simu," akasema. "Mtu wa kule juu aliniambia mlima umejaa mawingu. Nikasema basi liende, mafuta yameshawekwa. Sikumwambia mtu. Kamati haikuuliza." Sauti yake nyembamba ilizidi kuwa nyembamba. "Niliporudisha safari ya Kipsing, nilifikiri wewe ukienda ukarudi salama, basi imekwisha. Na mimi nitalala."

Hasira ilipanda ndani ya Halkano, ikafika shingoni, ikakaa hapo. Alikuwa na haki nayo, na alijua kwamba haitaondoka leo wala kesho. Lakini alimwona pia mtu aliyevaa sweta siku ya joto na kutetemeka, na mtetemeko huo aliufahamu.

Muuguzi alitokea mlangoni na kuita jina la Mbaabu. Mbaabu hakuinuka. Muuguzi akaita tena kwa sauti kubwa zaidi, na watu wa benchi la macho wakageuka kutazama.

"Ni wewe wanakuita," Halkano akasema.

"Nitawaambia nini huko ndani?"

"Waambie hivyo ulivyoniambia mimi. Anza tangu asubuhi, wasikilize yote."

Mbaabu alisimama. Aliivua kofia yake, akaitazama kana kwamba hajui kazi yake, akaiacha kwenye benchi na kuingia. Wagonjwa wapya walikuwa wakija, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa tayari anaitazama nafasi iliyobaki wazi. Halkano akasogea ili mama huyo aketi. Ile kofia aliiokota kwa mkono wa kulia, akaikung'uta vumbi, akaishika hadi mwenyewe atoke.